Kuanguka kwa Shemeji Kwenye Mteremko wa Chumba cha Treni

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: mke wa mtuhumiwa (kosa: kusababisha kifo kwa uzembe). Umri: miaka 58. Kazi: mshonaji. Makazi: nyumba ya tukio.

Mume wangu ni dereva wa treni mstaafu. Chumba cha nyuma amekijaza reli za treni ndogo, juu ya meza inayonifika kifuani. Kaka yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mtu wa bendera stesheni hadi alipopooza upande wa kushoto. Kwenye kiti cha magurudumu alikuwa haoni kitu ila miguu ya meza. Ndipo mume wangu akabuni ujia wa mbao ulioinuka kuizunguka meza, na mteremko wa kuupandia. Alifanya kwa mapenzi, hilo naomba liandikwe.

Reli moja inashuka kutoka mezani na kukatiza mteremko katikati. Fundi seremala alisema mbele yangu, "Mzee, hapo reli inapopita weka sehemu tambarare, kiti kitulie. Na huu upande ulio wazi tuweke kingo." Mume wangu akajibu kwamba mteremko utarefuka na handaki lake litabomolewa. "Handaki limenitoa jasho, fundi. Wewe pigilia misumari." Fundi akapigilia.

Mle chumbani treni haimpishi mtu. Hata mimi na sinia langu la chai nilisimama kama mjinga, nikipisha treni inayoenea kwenye mfuko wa koti. Tulicheka sana. Shemeji hakucheka. Aliinua kibendera chake cha kijani, kazi ni kazi.

Siku zote mimi ndiye niliyemsukuma. Mnamo tarehe 14, Jumamosi, saa tisa alasiri, mume wangu aliita, "Kaka, inaondoka!" Nikasema, "Shemeji, ningoje nikaushe mikono." Hakuningoja. Nilipofika mlangoni alikuwa katikati ya mteremko, ameshika kishikio cha ukutani kwa mkono wake mmoja mzima. Treni ikatokea. Akaachia kishikio, akainua kibendera. Kiti kikarudi nyuma, kikapinda, kikaangukia upande usio na kingo. Kichwa kikapiga sakafu. Alikata roho njiani kwenda hospitali, nimempakata.

Afande ameniambia sheria hainilazimishi kusema neno dhidi ya mume wangu. Kisha akaniuliza kama mume wangu aliwahi kuonywa kuhusu mteremko ule. Nimeishika chai aliyonipa mpaka ikapoa. Nina hasira naye, na nampenda, na sijui nitarudije kwenye nyumba ile. Wanangu watasema mama ndiye aliyemfunga baba. Lakini shemeji hakuoa wala hakuzaa, alikuwa na sisi tu, na mwingine wa kumsemea hayupo.

Ndiyo, alionywa. Nilisikia kwa masikio yangu.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina zaidi. Nimesomewa, ndivyo nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Afisa mwandishi: Nilimuuliza shahidi mara mbili kama anataka kuondoa jibu la mwisho. Amekataa. Aliomba kumwona mtuhumiwa, nikamruhusu. Alifika mlango wa mahabusu, hakuingia, akaniachia sweta nimpe mumewe, akaondoka.