Aya ya Tano Haikuchapishwa

Jumanne. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na magoti yananiambia mvua iko karibu.

Mjukuu wangu Wambui ameajiriwa na idara ya maji ya kaunti. Jana alinipigia simu. "Guka, si wewe ndiye uliyekuwa ukiandikia ofisi taarifa za magazeti huko Eldoret? Waandishi wakinitafuta niwaambie nini?"

Nilimjibu kama mwalimu. Pokea simu zao. Usiseme usilolijua. Ukiahidi jibu saa nane, litoe saa nane. Linalomgusa mwananchi liwe mstari wa kwanza. Akashukuru, akasema ameyaandika yote.

Sikumwambia nilijifunzia wapi.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, enzi ya chama kimoja. Nilikuwa karani wa taarifa katika ofisi ya maji mjini, nikiishi Yamumbi, miaka mingi kabla hatujachomewa nyumba na kufukuzwa huko, tukaanza upya ugenini. Bomba la kwenda mtaa wa Huruma lilipasuka kando ya mtaro wa maji machafu. Mkuu wangu akaniagiza niandike taarifa.

Taarifa zetu zilikuwa na mpangilio wake. Aya ya kwanza, shukrani kwa serikali na chama. Ya pili, shukrani kwa viongozi wa wilaya. Ya tatu na ya nne, kazi nzuri ya idara. Habari yenyewe ilifuata nyuma, kwa adabu. Nakala yangu iliungua pamoja na nyumba, lakini aya ya tano naikumbuka: wakazi wa Huruma wachemshe maji ya kunywa.

Barasa, mwandishi wa gazeti, aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza yangu. "Bwana karani, nafasi ikiwa ndogo, kule Nairobi wanakata kutoka chini. Nipe maneno mawili tu kuhusu maji, niyaweke juu."

Nilijua anasema kweli. Lakini kuongea na mwandishi bila ruhusa ya mkuu lilikuwa kosa, na mkuu alikuwa ameenda barazani.

"Taarifa inajitosheleza," nikamwambia.

Gazeti lilitoka na aya nne.

Mchana huo nilienda Huruma kuona bomba, nikapitia chai kwa Mama Nafula, mwenye kibanda cha chakula. Wateja walikuwa wamemsomea gazeti. "Karani! Mmejishukuru mpaka wino ukaisha!" Watu wakaangua kicheko. "Na bomba letu je, nalo limetoa shukrani?"

Jagi la maji ya kunywa lilikuwa mezani. Kwenye benchi aliketi bwana mmoja wa tawi la chama, ambaye sote tulijua hubeba maneno kwa wakubwa. Nikacheka na wenzangu, nikamaliza chai, nikaondoka.

Ningeweza kuinama tu nikamnong'oneza: mama, chemsha.

Wiki iliyofuata kibanda kilikuwa kimefungwa. Jirani yake aliniambia Mama Nafula alihara siku mbili, akafia njiani kwenda hospitali. Walimpeleka kumzika kwao Bungoma.

Barasa alirudi ofisini kuuliza wangapi wameugua. Nikamwambia alete ombi kwa barua. Hakunifokea. Alifunga daftari lake taratibu, akasema, "Wewe ulikuwa unajua, bwana karani."

Tangu siku hiyo nimejiambia kwamba nyakati ndizo zilikuwa hivyo. Ni kweli, zilikuwa hivyo. Lakini aliyekaa mbele ya lile jagi hakuwa nyakati. Alikuwa mimi.

Sasa Wambui ana kanuni zangu kwenye daftari, safi, hazina jina la mtu. Kanuni za namna hiyo hazimalizi hata siku moja mkuu akishakunja uso. Naogopa atacheka na wenzake, kama mimi.

Nitampigia asubuhi, kabla hajaingia kazini. Nitaanza na Mama Nafula.