Neno la siri nililompa Saumu

Ijumaa. Mvua tangu alfajiri.

Leo sina zuri la kuanzia. Yadi yetu kule Changamwe imegeuka tope tupu, malori yanateleza, madereva wanatukanana. Nimefika nyumbani Frere Town saa kumi na mbili, nimelowa chapachapa. Nimejipikia chai, imepoa hapa mbele yangu. Naandika sasa hivi, kabla sijapata nafasi ya kujidanganya tena.

Nimebeba uongo miezi mitatu. Leo nimeutua.

Mnaonisoma mnajua kwamba mimi ni karani kwenye yadi ya makontena. Shule yangu iliishia kidato cha pili, na ukinikuta njiani na kikapu changu huwezi kunidhania kuwa ndimi msimamizi wa kompyuta kuu ya kampuni. Lakini ndimi. Ni mashine ya kizamani, ya jamii ya Unix, haina picha wala kipanya. Ni skrini nyeusi na herufi nyeupe, na ukitaka kitu unakiomba kwa kuandika. Fundi aliyeiweka, alipopata kazi kwingine, aliniachia kaunta buku yenye mistari mitatu ya kumwandikisha mfanyakazi mpya.

Mstari wa kwanza, useradd, unaipa mashine jina la mtu huyo. Wa pili, passwd, unalipatia jina hilo neno la siri. Unaliandika mara mbili, na unapoandika huoni kitu, hata nukta. Utadhani kibodi imekufa. Wa tatu unaiagiza mashine imlazimishe mwenyewe kulibadilisha neno hilo siku ya kwanza anapoingia, abaki akilijua yeye na Mola wake.

Ule wa tatu fundi aliupigia mstari mwekundu chini yake. Mara mbili.

Mimi nilikuwa nauruka. Mwanzoni niliufuata, lakini watu wakawa wanabadilisha halafu wanasahau. Kila asubuhi nakuta foleni mezani kwangu: Mama Dama, imenikataa. Mama Dama, nimesahau tena. Mimi mwenyewe siwezi kuyasoma maneno yao, maana mashine huyavuruga ikayahifadhi hivyo hivyo, hata msimamizi hayaoni. Ninachoweza ni kumpa mtu jipya. Nikachoka. Nikaona rahisi niwape wote neno moja, wakae nalo.

Na si uvivu peke yake. Nilikuwa na fahari yangu. Neno nililowapa lilikuwa dua: MunguAkulinde1. Mashine hulalamika kwamba neno ni jepesi, lakini msimamizi akishikilia, inakubali. Niliona raha kwamba watu kumi na mmoja wanaanza kazi kila siku kwa kuandika dua niliyowapa mimi, Wakristo kwa Waislamu. Nilijiona kama mama wa ofisi nzima.

Saumu alipoajiriwa nilimpenda siku ile ile. Binti wa Timbwani, mpole, mcheshi, anavuka feri kila asubuhi na bado anafika kabla yetu. Kazi yake ilikuwa kuandika vibali vya kutolea makontena getini. Nilipomwonesha neno lake la siri aliitikia, "Amin, mama." Kisha akacheka: "Ila hii mashine yako nayo, haina hata rangi! Ni kama inakaa eda."

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Halafu akaniuliza. Nalikumbuka swali lake neno kwa neno, kwa sababu limenifuata kanisani, jikoni na kitandani. "Mama, hili nibadilishe?" Nami nikamwambia, "Usibadilishe, mwanangu. Hili litakulinda."

Miezi mitatu iliyopita kontena la nguo za mitumba lilitoka getini kwa kibali ambacho mwenye mali hakukijua. Kibali kiliandikwa saa saba mchana, kwa jina la saumu. Mashine haijui sura ya mtu. Inajua jina na neno lake la siri, basi. Na saa saba ile Saumu alikuwa chumba cha nyuma akiswali adhuhuri, peke yake, mlango umerudishwa. Hakuna aliyemwona.

Tukaitwa kwa meneja, yeye na mimi. Meneja wetu ni mtu wa bara, hana maneno mengi. Aliniuliza kama naweza kusoma kwenye mashine neno la siri la Saumu. Nikasema haiwezekani, hata mimi siwezi. Ni kweli. Niliitamka kweli ile kwa sauti kavu ya mtaalamu, na nyuma yake nikajificha, maana sikuwa na haja ya kulisoma neno nililoliandika kwa vidole vyangu.

Akamgeukia Saumu. "Nani mwingine anajua paswadi yako?"

Saumu akasema, "Mimi ninalo lile lile nililopewa, bwana. Sikubadilisha."

Meneja akaniangalia. "Mama Dama, ulimwambia abadilishe?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Ningesema wote tuna neno hilo hilo, kwamba yeyote katika ofisi ile angeweza kuketi pale na kuandika saumu, kisha ile dua, akaingia. Nikafikiria kazi yangu. Nikafikiria umri wangu, na nani ataajiri mwanamke wa kidato cha pili mwenye nywele nyeupe. Nikasema, "Nilimwambia."

Saumu alinigeukia. Hakunibishia. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri nimalize sentensi.

Sikuimalizia.

Akafutwa kazi mchana ule ule. Na nani aliyeagizwa kulifunga jina lake kwenye mashine? Ni mimi. Nikaandika mstari mmoja, nikabonyeza, basi, saumu hawezi kuingia tena. Jioni nikaenda kwenye maombi ya akina mama, na nikaongoza wimbo. Niliongoza wimbo, jamani.

Yule aliyeingia kwa jina lake simjui mpaka leo. Nimewatazama wenzangu mmoja mmoja wakila chakula cha mchana, nikitafuta dalili usoni. Ninayemjua kwa hakika ni yule aliyemwachia njia. Nilichofanya baadaye ni kuwapa wote maneno mapya, kimya kimya, na kuwalazimisha wabadilishe. Walidhani ni amri ya meneja. Nami nikawaacha wadhani hivyo.

Leo ameanza kazi mtu wa kukaa kiti cha Saumu. Anaitwa Mutua, mtu mzima wa Machakos, ana watoto wake. Saa mbili asubuhi aliketi mbele yangu na koti linalochuruzika maji. Nikafungua kaunta buku. Useradd. Kisha passwd, na kabla sijafikiri vidole vikaanza kuandika M, u, n... Sikuziona herufi, mashine haioneshi, lakini vidole vinajua vinachofanya. Nikasimama. Nikafuta yote.

"Vipi, mathe, imekwama?" akauliza Mutua.

Nikamwambia hapana, nimekosea. Nikampa neno la herufi zisizo na maana yoyote, nikamwandikia kikaratasi. Kisha nikauandika ule mstari wa tatu.

"Sasa hii nikae nayo ama nibadilishe?"

Nikamwambia, "Mashine itakudai ubadilishe sasa hivi. Weka lako, usimwambie mtu. Hata mimi."

Akacheka. "Eh, hapa mko makali! Si ajabu. Nimeambiwa getini mwenye hiki kiti alikuwa na mkono mrefu."

Alisema hivyo tu, kwa mzaha wa mgeni anayetaka kuzoea watu, akageuka kuandika neno lake. Mimi nikabaki nimeshika kalamu. Mtu huyu hajawahi kumwona Saumu hata siku moja. Hajui kicheko chake. Lakini wizi wake tayari anaujua, ameupokea pamoja na kiti.

Nilikwenda chooni nikajifungia. Nilitaka kuomba, maneno hayakuja. Kila dua niliyoianza niliisikia kama ile niliyoigeuza ufunguo wa kugawa.

Saa tisa nikabisha kwa meneja. Sikuketi. Nilimwambia yote kwa mkupuo: neno moja kwa watu kumi na mmoja, mstari nilioruka, na kwamba Saumu aliniuliza, nami ndiye niliyemkataza kubadilisha. Nikamwambia, "Siku ile nilikudanganya, bwana."

Aliifunga faili iliyokuwa mbele yake. Kisha akasema, "Mama, miezi mitatu?"

Miezi mitatu, nikasema.

Akaniambia niyaandike yote kwa mkono wangu na kutia sahihi. Niliandika kurasa mbili, nikajitolea nakala. Aliposoma alisema barua itapelekwa kwa wenye kampuni, kwamba Saumu lazima asikizwe upya, lakini yeye hawezi kuniahidi kwamba atarudishwa. Na mimi nisije Jumatatu mpaka nitakapoitwa. Akanidai kaunta buku. Nikampa. Ajabu, kilichoniuma zaidi pale ni kuliachia lile buku, daftari la shilingi chache tu.

Nje, chini ya kibaraza, nikampigia Saumu. Sikutegemea apokee.

"Abee, mama," akaitika. Abee! Baada ya yote yale. Akaniamkia shikamoo, nikashindwa hata kuitikia marahaba. Nyuma yake nilisikia mafuta yakichachatika. Anakaanga viazi vya karai na mamake siku hizi. Ameomba kazi kwenye yadi mbili, na zote mbili waliuliza alikotoka, wakapiga simu, wakamwambia atafahamishwa.

Nikamweleza nilichofanya leo. Nikamwomba msamaha. Nilisikia akilitua karai chini.

"Mama Dama," akasema, "mimi siku ile sikusema kitu kwa sababu nilidhani wewe utasema. Nilijiambia, wallahi mama hawezi kuniacha. Niliogopa kukuaibisha mbele ya meneja. Umeelewa? Mimi nilikuwa nakusitiri wewe."

Nikalia pale pale, madereva wakiniona.

Hakuniambia amenisamehe. Wala hakuniambia hajanisamehe. Alisema kwamba yeye ataweza, inshallah, lakini mamake hatamki jina langu. Jirani mmoja alimwambia hadharani, kibarazani pao, kwamba mwanawe ni mwizi, na tangu siku hiyo mama yule amefunga milango, haendi maulidi wala arusi. Watu wanakuja kununua viazi, yeye anabaki ndani, Saumu ndiye anayeuza. "Mimi umenipigia simu, mama," akasema. "Yeye je?"

Nilikuwa nimejipanga kuungama kwa meneja na kwa Saumu, nikadhani nimefika. Sikumfikiria yule mama hata mara moja. Mwanamke wa umri wangu, aliyemlea binti yake vizuri hata leo ananiitikia abee.

Mungu wangu, najua umenisikia. Lakini leo sitaki kujificha kwako kama nilivyojificha nyuma ya mashine. Nikishamaliza kuandika hapa nitaomba, nami sitaomba nirudishiwe kazi.

Kesho asubuhi navuka kwenda Timbwani. Sitabeba zawadi, nisionekane nimekuja kununua. Nitabeba nakala ya ile barua, nimwombe jirani yule naye aje aisikie, niisome kwa sauti mbele yao wote wawili, pale pale kibarazani mama yule alipoambiwa neno lile. Huenda mamake asitoke. Nitapiga hodi mara tatu, kama desturi yao ilivyo. Asipoitika nitaondoka, nirudi Jumapili baada ya ibada, nipige tena.