Diski ya Kamera za Mama Haikujaa

Jumapili, mwezi wa saba. Karatu.

Ukungu haujaondoka leo hata kidogo. Umeshuka kutoka ukingo wa kreta tangu alfajiri, ukakaa juu ya mji kama mgeni asiyejua kuaga, na baridi yake inaingia mpaka kwenye magoti. Nimevaa masweta mawili na bado vidole vinagoma kuandika. Ila si baridi iliyonirudisha kwenye blogu hii baada ya miezi minne ya ukimya.

Nimetoka kwa mama, kijijini Qurus. Sijisikii vizuri.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi wa kompyuta kwenye lodge moja ya njia ya kwenda geti la hifadhi. Mtandao ukikatika, mgeni akashindwa kutuma kwao picha ya simba, naitwa mimi. Kamera zote za pale nimezifunga mimi. Kwa hiyo mwezi wa nne, wezi walipopanda bati la mama wakati yeye yuko kanisani na kung'oa paneli yake ya sola, sikuona haja ya kumuuliza mtu ushauri. Hata mama mwenyewe sikumuuliza.

Mama anaishi peke yake tangu baba afariki. Nyonga yake ya kushoto imechakaa, anatembea kwa fimbo. Niliogopa kwamba safari nyingine watakuja akiwa ndani.

Wiki tatu nzima nilichagua mashine kwa umakini ambao sijawahi kuutumia hata kuchagua mchumba. Kompyuta ya mezani ya mtumba niliikataa: inakula umeme wa sola kama mbuzi kwenye mahindi, tena ina feni, na feni kwa vumbi letu jekundu haimalizi kiangazi kimoja. Kile kiboksi cha kurekodia kinachouzwa pamoja na kamera nacho nilikidharau, kwa sababu kinarekodi kila kinachotikisika, kuku, jani la mgomba, hata kanga kwenye kamba. Nikaagiza Arusha kompyuta ndogo isiyo na feni, unene wake kama Biblia ya madhabahuni, yenye prosesa ya kutosha kutofautisha mtu na mnyama. Ikiona kuku inanyamaza. Ikiona mtu inarekodi, inaandika siku na saa, na kunitumia taarifa kwenye simu. Nikaiongezea memori. Nikainunulia diski ya tera nne, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera, maana diski ya kawaida huchoka kuandikwa mchana na usiku.

Ukubwa wa diski niliupata kwa kukaa uwanjani kwa mama Jumamosi moja na daftari, nahesabu watu. Boma la mama lilikuwa njia. Wanaokwenda bombani walikatiza pale, wanaotoka kanisani walikatiza pale, na kila aliyekatiza alisimama kusalimia. Mama Safari peke yake aliingia mara nne kabla ya chakula cha mchana. Nikapiga hesabu: kwa watu wale, diski itajaa wiki ya sita.

Mama Safari ni jirani yetu, ng'ambo ya ua wa minyaa. Amekuwa akiingia jikoni kwa mama bila hodi tangu mimi sijaanza shule. Baba alipofariki ndiye aliyemshika mama mkono siku zote za matanga, na alipoondoka, mama alikuwa ameshaanza kula.

Wiki ya pili baada ya kufunga kamera, moja ikitazama uwanja na lango, nyingine paneli mpya ya sola, niko kazini, simu ikalia. Mtu. Nikafungua picha, nikamwona Mama Safari anatoka uwanjani na jembe la mama begani. Nikampigia mama.

"Nani huyo kachukua jembe?"

"Si Mama Safari? Kaliazima, anapalilia shamba lake la ngwara."

"Haya. Mwambie kamera inamwona."

Nilikuwa natania. Nimejiapiza hivyo mchana kutwa, nilikuwa natania. Lakini nikijikagua vizuri, kulikuwa na kiburi ndani yake pia. Nilitaka mtu ajue kwamba mashine yangu inafanya kazi.

Na mama si mtu wa kuchuja ujumbe. Akamfikishia jirani yake kama ulivyo, kwamba mtoto wa mjini kamwona na jembe.

Sikulifikiria tena jambo hilo. Msimu wa wageni ulikuwa umeanza. Simu ikalia kila mama alipokwenda bandani kwa kuku, ikanikera, nikazima mlio wa mchana. Nikajiambia nitaangalia jioni. Jioni nachoka. Kutoka hapa mpaka Qurus ni mwendo mfupi wa bodaboda, na kwa wiki saba sikukanyaga. Nilijiona kama namwona mama kila siku, wakati sikuwa hata nafungua simu kumtazama.

Nimeliandika hilo ili nilisome mwenyewe.

Leo nimekwenda na diski mpya mkononi, tera nane. Nilijua ile ya kwanza imeshajaa na mashine imeanza kufuta picha za zamani, nami nilitaka zote zibaki. Karibu na boma nikaona kitu ambacho sikukielewa mara moja. Njia iliyopita uwanjani imeota majani. Kuna njia nyingine, mpya, nyekundu, inazunguka nje ya ua wa minyaa.

Mama alinipokea na mkono wa kulia ukiwa kwenye kanga, umening'inia shingoni.

"Umefanya nini?"

"Niliteleza kidogo. Kaa, unywe chai."

Aliimimina kwa mkono wa kushoto, ikamwagika kwenye kitambaa, na hakuniruhusu nimsaidie. Kwenye sinia kulikuwa na kikombe kimoja. Sikumbuki sinia ya mama yenye kikombe kimoja.

Nikafungua mashine. Diski haikuwa imefika hata robo. Kwanza nikadhani kuna waya uliolegea, au panya wamefanya yao. Nikakagua kila kitu, kila kitu kilikuwa kizima. Ndipo nikafungua orodha ya siku, ile niliyoringia, inayoonyesha watu wangapi wameonekana kila siku. Siku za mwanzo, ishirini na sita. Thelathini na moja. Ishirini na nane. Baada ya wiki ya pili kumi na tano, halafu tisa, halafu nne. Wiki hizi za mwisho ni mbili, moja, moja, moja. Nikafungua zile za moja. Ni mama. Kila moja ni mama, anakwenda bandani, au amesimama kwenye lango na fimbo yake anatazama njia.

Jumatano iliyopita kulikuwa na picha mbili. Ya kwanza ni ya saa tatu asubuhi. Mama anatoka jikoni na ndoo, mguu unakosa, anaangukia mkono. Picha inakwenda sekunde chache tu. Mtu asipojongea, mashine huona hakuna cha kurekodi, huacha ili kutunza nafasi ya diski. Niliipanga hivyo mimi. Ya pili ni ya saa tisa alasiri, mama anajivuta kwa fimbo kutoka chini, amejaa vumbi, ndoo iko palepale.

Kati ya hizo mbili hakuna kitu.

Saa sita nzima. Zamani katika muda huo Mama Safari angeshapita mara tatu.

Nilikaa mbele ya kile kioo nikalia, na sioni aibu kuandika. Mama alisikia akaja kusimama nyuma yangu. Hakuuliza kwa nini, aliona picha. Akasema taratibu, "Fimbo ya mbali haiui nyoka, Ima." Kisha akarudi jikoni.

Nikarudi nyuma kwenye orodha kutafuta ni siku gani watu walianza kupungua. Ni siku moja baada ya ile simu yangu. Picha ya saa moja asubuhi. Mama Safari anaingia langoni, hajafunga kilemba, amekuja haraka. Ana jembe la mama. Limeoshwa, mpini na chuma, linang'aa. Hamtafuti mama. Anakuja moja kwa moja mpaka chini ya kamera, anainua uso, ananitazama. Halafu anainua jembe kwa mikono miwili juu ya kichwa, analishikilia hapo ili lionekane vizuri. Analigeuza upande wa pili, lionekane na huko. Analilaza kwenye kizingiti, anatoka.

Hajarudi tena. Na wengine, kama mtu mwenye miaka yote ile amehesabiwa mwizi, wao ni nani hata wajipitishe? Wakazunguka nje. Akili nyingi huondoa maarifa, tulikuwa tunakariri shuleni. Sikujua nakaririshwa habari zangu.

Niliing'oa kamera ya langoni kabla chai haijapoa. Ile inayotazama paneli ya sola mama mwenyewe amesema ibaki, "haimtazami mtu." Kisha nikazunguka kwa ile njia mpya mpaka kwa Mama Safari.

Nilipiga hodi. Akanitolea kiti, kile cha wageni, akakipangusa kwa kanga. Mimi niliyelala kwenye mkeka wake na watoto wake. Nikasema yote, la jembe, la simu, la mama kuanguka. Hilo la mwisho alikuwa hajui, akashika kifua. Nikaomba msamaha.

"Hakuna neno, baba," akasema. Ni lile hakuna neno la kufunga mlango.

Sijui wazo nililipata wapi, nikamwambia, "Mama Safari, naomba uniazime jembe."

Akaingia ndani, akarudi na jembe lake mkono mmoja, na mkono wa pili ana simu yake, ile ndogo ya tochi, yenye kamera isiyoona vizuri.

"Simama hapo penye mwanga," akasema. "Inua juu."

Nikainua jembe juu ya kichwa kwa mikono miwili. Akapiga.

"Geuza na huku."

Nikageuza. Akapiga tena. Hakucheka, na mimi sikucheka. Aliangalia picha kwenye kioo chake kidogo, akaweka simu kwenye mfuko wa sweta, akasema, "Haya, mwanangu. Nenda nalo." Lile mwanangu nimelibeba njia nzima pamoja na jembe, na sijui nalo aliniazima au alinipa.

Nimeliacha kwenye kizingiti cha mama. Mama alilitambua hata kabla sijasema. Amenikataza kulirudisha mimi. Husema kitu cha kuazima ukikirudisha mbiombio ni kama kumwambia jirani humtaki, mwenyewe akikihitaji atakifuata. Akahamishia kigoda chake mahali anapoliona jembe na lango kwa pamoja, akakaa, mkono kwenye kanga.

Hivyo ndivyo nilivyomwacha.

Diski mpya iko hapa mezani, sijaifungua. Simu nimeiwasha mlio na imenyamaza, na itaendelea kunyamaza, kwa sababu kamera iliyokuwa ikitazama lango sasa iko ndani ya begi langu. Mama Safari akifuata jembe lake, sitaona. Asipolifuata, sitaona vilevile.

Kesho nitampigia mama kabla ya kuingia kazini. Nitamuuliza mkono umeamkaje. Halafu nitamuuliza nani kaja.