Picha Kumi na Moja za Baba Kulwa

Jumanne, 8 Julai

Nimepangusa sita. Zimebaki tano. Kitambaa kikavu tu, maji ni mwiko. Baba Kulwa alichora kwa udongo wenyewe wa Shinyanga, aliuponda, akauchekecha, akauchanganya na gundi ya mgunga, akapaka kwenye shuka za amerikani. Tone moja la maji na kazi ya mwezi mzima inakuwa tope.

Nimechafuka mpaka kope. Alipokuwa hai nilifagia vumbi lake. Amefariki miaka minne sasa, na bado nafagia.

Barua ya makumbusho ya Dar iko mezani. Wanazitaka zote kumi na moja, zikiwa kamili, zikakae kwao moja kwa moja. Mtaalamu wao amemwita marehemu "mchoraji wa mwanzo wa jangwa letu". Nilicheka. Mwalimu wa darasa la nne, mwenye baiskeli isiyo na breki.

Kulwa, binti yetu, anasema watu wa huku wazione kwanza, kabla hazijaenda kupigwa kiyoyozi. Maganzo, Katoro, Runzewe. Kisha narudi, nasaini, basi.

Jumatano, 9 Julai

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunisikia. Sioni uchungu sana kuziachia. Picha kumi na moja, na hakuna hata moja yenye nyumba yangu. Alizunguka wilaya nzima kuchora ardhi tupu. Uwanja wangu niliokuwa naufagia kila asubuhi, hakuuona. Mimi mwenyewe ndiyo kabisa.

Nilimpenda. Hili linaniuma. Yote mawili ni kweli.

Nimeandika vibandiko vya maelezo kwa mwandiko wangu mzuri, nikinakili kutoka kwenye barua. Kila picha ina doa jeusi la mviringo, hapa kubwa, pale dogo. Mtaalamu anasema ni kivuli cha wingu lililopita bila kunyesha. Mimi siku zote nilidhani ni mahali alipochoka. Basi nimeandika: Jangwa Na. 1, kivuli cha wingu. Jangwa Na. 2, kivuli cha wingu. Mpaka kumi na moja. Mkono unauma.

Ijumaa, 11 Julai. Maganzo

Ukumbi wa shule. Watu arobaini hivi, wengi mabroka wa almasi waliokuja kukwepa jua. Mmoja alitoa lenzi mfukoni akaikagua Na. 4 sentimita kwa sentimita, kama anataka kuniambia ina ufa. Akauliza lile duara jeusi liko kijiji gani. Nikamwambia ni kivuli cha wingu. Akanitazama kama mtu anayeficha kitu. Baadaye nikaelewa: huku almasi ilipatikana mahali pa mviringo, kwa hiyo kila mviringo ni mali.

Wengine wawili wakaniuliza hivyo hivyo. Wa tatu nikamjibu liko mbinguni. Kulwa akanikanyaga mguu.

Mzee mmoja mwenye fimbo ya kuchungia alisimama mbele ya Na. 6 muda mrefu. Akasema, "Pole, mama." Akaondoka. Nilidhani ananipa pole ya msiba. Nikamwambia asante.

Jumatatu, 14 Julai

Safari ya Katoro. Kulwa anaendesha pikapu ya mume wake kama anakimbiza mwizi. Picha nimezifunga kwa mablanketi yangu mwenyewe. Tumesimama mara sita nizikague. Kulwa anasema hata yeye alipokuwa mchanga sikumkagua hivi. Kweli. Yeye hakuwa wa udongo.

Jumatano, 16 Julai. Katoro

Tuko kwenye banda la soko. Bodaboda huku, karasha linasaga mawe ya dhahabu kule, kelele mtindo mmoja. Lakini watu! Leo tu wamezidi wale wa Maganzo, na hawa hawakuja kukwepa jua.

Wanapenda kujua alichanganyaje. Udongo wanauheshimu. Mmoja aliniambia ametoka Singida na kote alikopita hajaona mtu aliyeupaka udongo ukutani badala ya kuuosha. Nilijisikia vizuri. Niliringa kidogo, kusema kweli. Baba Kulwa angeona haya, angeenda kusimama nje.

Alhamisi, 17 Julai. Katoro

Siku mbaya.

Nilienda kunywa uji. Dakika kumi. Kurudi nakuta kundi mbele ya Na. 9. Dada mmoja ametia kidole mate, amesugua lile doa jeusi, amepaka kiganjani, anakigeuzageuza juani. Kabla yake walikuwa wamesugua wengine. Kila mtu Katoro anajua dhahabu hutembea na mchanga mweusi. Nani angewaambia huu si wenyewe? Mimi nilikuwa kwenye uji.

Shimo la upana wa kiganja. Shuka inaonekana nyeupe.

Nilimpiga yule dada mkono. Nilimtukana kwa maneno ambayo Kulwa hajawahi kuyasikia kwangu. Yule dada akalia. Mimi pia.

Tumefunga mapema. Barua inasema zikiwa kamili. Nimemwambia Kulwa turudi nyumbani kesho.

Ijumaa, 18 Julai. Katoro

Yule dada amekuja asubuhi na chupa ya chai na maandazi. Anaitwa Neema, anaosha mchanga mwaloni, kule wanakotafutia dhahabu. Amepiga magoti akanisalimia, "Shikamoo mama, nisamehe." Nimemwitikia marahaba. Mtu anayekuletea maandazi ya moto utamnunia mpaka saa ngapi?

Ameniambia jambo. Ule weusi hauna dhahabu hata chembe, na ulipolowa ulinuka ng'ombe. Alinuka mkono siku nzima. Nimemwambia labda ni gundi. Akasema yeye ni mtoto wa mfugaji, gundi anaijua na ng'ombe anamjua.

Mimi baba yangu alikuwa karani wa reli. Nimekulia kwenye nyumba za stesheni. Ng'ombe namjua akiwa kwenye sahani.

Nimenusa tundu la Na. 9 wakati Kulwa anafunga mizigo. Sijui. Vumbi tu.

Jumamosi, 19 Julai

Tumegombana njia nzima. Mimi nataka nyumbani, yeye anasema Runzewe imeshatangazwa kanisani. Ana kichwa kigumu kama baba yake. Nimemwambia hivyo. Amefurahi, mjinga.

Halafu akaniuliza kwa nini baba aliacha kuchora. Nikamwambia aangalie barabara.

Naandika hapa. Mwaka ule wa njaa majirani walikuwa wanahama kila wiki, ng'ombe mbele, mikokoteni nyuma, kuja huku Geita na Bukombe kwenye majani. Mimi nilitaka twende. Nilishafunga vyombo. Yeye hakutaka. Nikamwambia mbele ya mama yake, "Wenzako wanahamisha watoto wao, wewe unachora vumbi!" Hatukuhama. Na hakushika tena brashi mpaka anaingia kaburini.

Sikuwahi kumwomba radhi. Nilingoja akasirike ndipo niombe. Hakukasirika.

Ndiyo maana nazunguka na hizi picha. Kulwa anadhani ni kwa ajili ya makumbusho.

Jumapili, 20 Julai. Runzewe

Nitaandika pole pole.

Ukumbi wa parokia, baada ya misa. Watu wa shamba, wafugaji, wengi wazee. Wakaingia wakiongea. Wakafika kwenye picha wakaacha kuongea. Nikadhani hawajazipenda.

Bibi mmoja, Bibi Kabula, ameletwa na wajukuu. Akasimama mbele ya Na. 7, ile nzuri kuliko zote, ile ambayo makumbusho wanataka kuiweka kwenye bango lao. Akaniita nimsomee kibandiko. Nikasoma: Jangwa Na. 7, kivuli cha wingu.

Akanitazama kwa huruma.

"Wingu gani, mdogo wangu? Hili ni zizi letu."

Akanifundisha kama mtoto. Watu wakihama, kuta huanguka, miti hukatwa kuni, upepo hufanya yake. Zizi hubaki. Ardhi iliyolaliwa na ng'ombe miaka na miaka hubaki nyeusi, ya mviringo, hata kama pembeni pote pameungua kwa jua. Mfugaji akipita anajua hapa palikuwa na watu. Wao mahali kama hapo wanapaita itongo. Akapita picha zote kumi na moja kwa fimbo yake: itongo, itongo, itongo. Nyuma yake wazee wakaanza kutaja majina. Kwa Masunga. Kwa Nkwabi. Mtu mmoja mzima, ana mvi, akaweka kichwa chake kwenye fremu ya Na. 2.

Na. 9 pia wameijua, pamoja na tundu lake.

Nilikaa chini.

Bibi Kabula akasema siku wanapakia mikokoteni alikuja mwalimu na baiskeli. Akaomba ruhusa akae. Baba mkwe wake akamwambia kaa, hatuna tena cha kufunga kwa kufuli. Mwalimu akawaambia, "Nendeni salama. Mimi nitapaangalia kidogo." Walipofika barabarani bibi akageuka, akamwona bado ameketi pale peke yake, suruali ameikunja mpaka magotini.

Huyo ndiye. Alikunja suruali hata kanisani.

Jumatatu, 21 Julai. Runzewe

Bibi Kabula amerudi. Amekuja na kigoda chake, amekaa mbele ya Na. 7 kutwa. Wajukuu wanaletwa kwa zamu, anawaonyesha kwa fimbo: mlango ulikuwa hapa, mtoto wangu wa kwanza amezikwa hapa. Hakuna mlango wala kaburi kwenye picha. Wajukuu wanaitikia kwa kichwa, na mimi nikajikuta naitikia.

Nimepata majina ya picha nane. Nimebandua vibandiko vyote vya mawingu. Nimeona haya mpaka masikioni. Miaka yote nimelala kitanda kimoja na mtu anayejua hayo, na hata siku moja sikumuuliza lile doa ni nini. Naye kwa kunyamaza! Sahani ya ugali ikikosa chumvi alikuwa anakula tu.

Jioni bibi akanishika mkono. Akaomba nimwachie ile picha hata wiki moja.

Nilimwambia nitafikiri. Nimerudi kwa masista tulikofikia, nimefikiri. Na. 7 ni ya bango. Bila Na. 7 makumbusho wanaweza kukataa zote, na Na. 9 tayari ina tundu. Jina la Baba Kulwa halitaandikwa popote. Nyumbani kuna mchwa. Na mimi nina miaka sabini.

Jumanne, 22 Julai

Nimempa. Siyo wiki. Nimempa kabisa.

Nilitegemea Kulwa atapiga kelele, yeye ndiye aliyeandikiana na watu wa Dar mwaka mzima. Wapi! Ameitoa mwenyewe ukutani, ameizungushia blanketi langu zuri kuliko yote, amewaelekeza wajukuu: maji ni mwiko, moshi ni mwiko, na msiwaambie watu wa Katoro. Bibi Kabula alisema wabeja mara nyingi, mpaka nikamwambia inatosha, asante moja hushibisha. Akacheka. Hana meno, ana kicheko kizuri.

Tumepita Kahama. Safari hii hatukugombana.

Nilimwambia yale maneno niliyomwambia baba yake. Akashika usukani kwa mkono mmoja, wa pili akaniwekea gotini. Nikamwambia shika gari kwa mikono miwili.

Jumatatu, 28 Julai

Nyumbani. Nimewaandikia Dar. Picha ni kumi. Mojawapo ina tundu, waichukue nalo au waiache. Vibandiko nimetengeneza upya, na havibadilishwi: Kaya ya Masunga, walihamia Runzewe. Kaya ya Nkwabi, walihamia Runzewe. Tatu bado sina majina yake, nimeacha nafasi, Kulwa ataendelea kuuliza. Wakitaka mawingu watafute mchoraji mwingine. Sentensi hiyo Kulwa ameifuta, nimeirudisha.

Sijui watajibu nini. Nitalala tu.

Leo asubuhi nimefagia uwanja, nimemaliza, nimesimama na ufagio. Mlango upo. Jiko linafuka. Doto, pacha wa Kulwa, amepiga simu kutoka Mwanza kuuliza habari za safari, Kulwa anampigia kelele kutoka ndani.

Alichora nyumbani kwa waliokwenda. Hapa palikuwa bado na watu, achore nini? Ningeshinda ugomvi ule, leo ningekuwa nayo picha ya nyumba yangu. Ningekuwa nimekaa kwenye kigoda huko Runzewe, nawaonyesha wajukuu kwa fimbo.

Nimemwomba radhi. Kwa sauti, hapo hapo uwanjani, Kulwa akadhani naongea na simu. Kisha nikaenda kuwafungulia kuku.