Kahawa ya Mama Mkwe Niliyokataa Kuitia Sukari

Mpendwa Bi Olimpia,

Mkono wangu umezoea usukani kuliko kalamu, kwa hiyo nivumilie, lakini nakuomba unisaidie kabla sijampoteza mke wangu, ambaye bado tunalala naye kitanda kimoja na bado ananipigia pasi mashati, ila kahawa yangu haigusi tena, na wewe ni mzaliwa wa Napoli, huna haja ya kuelezwa mke kukataa kahawa ya mumewe ni jambo la namna gani.

Mimi ni dereva wa lori, nabeba nyanya za kopo kutoka kwetu Torre Annunziata kwenda Bologna na kwingineko kaskazini, na tangu tuoane, siku ambazo siko safarini mimi ndiye ninayempelekea Nunziata kahawa kitandani, kwa moka ile ya kawaida, birika dogo la kupikia kahawa jikoni tulilopewa siku ya harusi, anatia sukari yake vijiko viwili, anauliza kama kutanyesha, nasema sijui, na siku inaanza. Sasa huko barabarani kahawa ya vituo vya mafuta ilinichosha, nikanunua kifaa kidogo cha mkono cha kukamulia espreso, unatia unga wa kahawa, unamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa, unapampu mpaka inatoka nene na povu lake la rangi ya asali, na siku ya kwanza nilipoinywa nimekaa kwenye ngazi ya lori karibu na Modena nusura nilie, kweli nakwambia. Nikaongeza kinu cha mkono, kwa sababu kahawa iliyosagwa ikakaa hupoteza harufu, nikaongeza mizani midogo, mwisho nikanunua mashine kubwa ya nyumbani yenye mshale wa kuonyesha presha, na hapo ndipo nilipopotea, maana nilianza kujua mambo, na mtu anayeanza kujua mambo ukubwani ni adha kwa wenzake.

Ile moka ya harusi niliipandisha juu ya kabati. Sukari nikaipiga marufuku, nikawa nawaambia wageni kwamba sukari ni blanketi la kufunikia kahawa mbovu, na shemeji yangu Catello, kaka yake Nunziata, akawa ananitania kila Jumapili, akikaa tu anakunja mkono wa shati na kuninyooshea mkono, "Shemeji, nipime na mimi presha." Tulikuwa tunacheka wote, na Nunziata alikuwa anacheka kuliko sisi, na vijiko vyake viwili alikuwa anavitia nikigeuza mgongo.

Kisha mama yake, Mama Restituta, akaugua, tukamleta kwetu, tukamwekea kitanda chumba cha jirani na jiko. Mgonjwa yule hakuwa msumbufu, chakula hakukitaka, alichotaka ni kahawa yake tu, na daktari alisema apewe, na alivyoipenda ni kwa povu la sukari, yale matone ya kwanza ya moka unayapiga na sukari kwa kijiko mpaka yanakuwa meupe kama krimu, ndipo unamimina iliyobaki. Nunziata ndiye aliyekuwa akimfanyia, anaishusha moka kutoka juu ya kabati na kuirudisha. Jumapili moja Nunziata alikuwa misani, nami ndiyo kwanza nimepata kahawa mpya iliyotoka kukaangwa, nimejifungia nayo jikoni tangu alfajiri nikibadilisha usagaji, mara inatoka mbio mno, mara inadondoka kwa shida, hadi nikaipata sawasawa, na ndipo mama aliponiita, akasema, "Mwanangu, nipikie ile ya zamani, na povu la sukari, kama anavyonifanyia binti yangu."

Nikamjibu, na maneno haya nayasikia hadi sasa kwenye usukani, "Mama, kahawa hii ukiitia sukari unaitukana. Ionje hivi hivi."

Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, mwenye baa ya kahawa ni wewe." Nikamkamulia espreso ambayo kwa haki yake ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza, akaonja, akaonja tena, akakiweka kikombe kwenye meza ya kitanda, akasema ni kali kidogo lakini ahsante, nami badala ya kusimama dakika chache tu nikamchanganyie sukari mama wa watu, nikamwambia ataizoea. Bosi akapiga simu, shehena ilikuwa inangoja bandarini, nikambusu kwenye paji la uso, nikaondoka. Kesho yake hakuweza kumeza kitu. Alifariki nikiwa njiani narudi.

Bi Olimpia, wanasema majuto ni mjukuu, lakini mimi wangu hakungoja hata kuzaliwa, alinipokea mlangoni, na hata hivyo sikujifunza, sikiliza nilichofanya matangani. Unajua nyumba yenye msiba haiwashi jiko, majirani ndio huleta kila kitu, supu, keki, pakiti za kahawa na sukari, na Bi Vincenza wa ghorofa ya tatu alishuka na chupa ya kahawa iliyokwisha kutiwa sukari, akawa anatugawia kwa vile vikombe vidogo vya plastiki, na nilikuwa nimetoka kuendesha usiku kucha, nikaigusa kwa mdomo nikaona ni ya vuguvugu, nikasema, ahsante, mimi nina yangu. Nikaingia jikoni na kisanduku changu cha safari chenye kile kifaa cha mkono, nikawasha jiko nichemshe maji, nikaanza kupampu, na mama amelazwa ng'ambo ya ukuta, watu wanasali rozari. Catello akasimama mlangoni, safari hii hakutania, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, jiko hili limewashwa na nani leo?" Nunziata akaja nyuma yake, akazima gesi, akarudi sebuleni, akachukua kikombe nilichokikataa, akakinywa chote akinitazama.

Niliomba msamaha baada ya maziko, akasema yamekwisha. Hayajaisha. Kila asubuhi nampelekea kahawa, anasema ahsante, weka hapo, inapoa, anavaa anashuka kwenye baa ya kona kunywa kahawa ya huko, na mwenye baa ambaye ni rafiki yangu ameniuliza mbele ya watu kama mashine yangu imeharibika. Nimeishusha moka ya harusi, nimempikia kwa hiyo hiyo, nimetia sukari mwenyewe, ikapoa vilevile.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Juzi baada ya misa ya kumkumbuka marehemu, wanawake wa mtaa walikuwa sebuleni kwetu, mmoja akalileta lile suala la jiko, akitafuna maneno kama hataki kusikika, naye Nunziata akamkata, akasema, "Mama alikunywa kahawa yake ya mwisho kwa mkono wa Aniello. Hilo ndilo linalonipa moyo." Nilitamani ardhi inimeze. Hajui kwamba mama aliomba kitu kidogo nikamnyima, kwamba nilimfanya mwanafunzi wangu kwenye kitanda cha kufa. Nikimwambia, namnyang'anya faraja pekee aliyobaki nayo, na nisipomwambia, kila akilirudia neno lile najiona mwizi. Nifanye nini? Nasikitika mpaka kahawa yenyewe sasa naisikia chungu.

Wako,
Aniello, Torre Annunziata

*

Aniello,

Pole kwa msiba. Pole hiyo naitoa kwa moyo wote, kwa sababu naona ulimpenda mama yule, na asiyependa haandiki barua ndefu namna hii bila kuvuta pumzi. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Kupenda kahawa nzuri si kosa. Hata mimi nasaga yangu asubuhi, na jirani analalamika kelele. Kosa lako ni kwamba ulipima kahawa, ukapima maji, ukapima presha, ukasahau kuna mdomo unaokunywa. Unasema sukari inaficha kahawa mbovu. Je, ulishawahi kuwa mgonjwa wa muda mrefu, Aniello? Mama yangu alikuwa hivyo mwaka mzima. Dawa zinaugeuza mdomo nyongo, hata maji ni machungu. Mkweo hakuwa anaficha kahawa yako. Alikuwa anatafuta utamu mmoja tu kwa siku, na alijua uko kwenye kabati gani. Hili litakuuma, na liache likuume, sina dawa yake.

Sasa tuje kwenye hiyo siri yako. Umeandika kwamba mama aliweka kikombe mezani na wewe ukaondoka na lori. Hukusema ulikiosha. Basi nikuulize, nani alirudi kutoka misani akaingia chumba kile? Nani alikiondoa kikombe kilichoonjwa tu, kisicho na povu la sukari, kwenye meza ya mama yake ambaye kahawa yake alikuwa haachi hata tone? Na unadhani mama hakuulizwa na binti yake kwa nini hakunywa? Siwezi kuapa, sikuwepo. Ila nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi nikisoma barua za waume wanaodhani wake zao hawajui. Nunziata anajua, Aniello. Ninavyoona mimi, alijua kabla ya matanga, ndiyo maana lile jiko lilimchoma mara mbili.

Kisha soma tena alichosema mbele ya wale wanawake. Kuna mtu alikuwa anataka kukuaibisha sebuleni kwako, na mkeo akasimama mbele yako. Alisema uongo kwa ajili yako, siku ya misa ya mama yake. Wewe ukasikia faraja yake. Mimi nasikia mwanamke aliyebeba aibu ya mumewe peke yake na ambaye amechoka kuibeba. Asubuhi anashuka kwenye baa kwa sababu kahawa yako imemjia kitandani na maneno ya kuomba radhi kwa jambo dogo, na lile kubwa umelimeza. Mficha maradhi, kilio humfichua, nawe kilio kimeshapita na bado unaficha.

Kwa hiyo utamwambia. Hutamwambia mezani Catello akiwepo, wala kwenye simu ukiwa Bologna. Mwambie nyumbani, mkiwa wawili, asubuhi. Mwambie kama ulivyoniandikia mimi: aliomba nini, ulimjibu nini, aliacha kiasi gani. Usianze na usingizi wa barabarani wala bosi wala ubora wa ile kahawa, maana nakujua sasa, utaanza kueleza usagaji. Ukimaliza kusema, nyamaza. Akilia, usimpe kikombe. Akisema alijua, usimuulize kwa nini hakusema.

Halafu kabla jua halijawa kali panda ghorofa ya tatu. Barua yako yote haina hata neno moja la wewe kumwomba radhi Bi Vincenza. Mama wa watu ameshuka ngazi na chupa yake kwenye msiba wako, ukamwambia una yako. Mpelekee pakiti ya kahawa na pakiti ya sukari kama ada ilivyo, kaa jikoni kwake, na atakachokupa kinywe, hata kama kimechemka tangu jana. Ukitoa neno moja juu ya joto la maji nitalisikia hadi huku.

Kile kisanduku cha safari kirudishe kwenye lori, huko ndiko kwao, na ukiwa Modena kamua espreso yako ufurahi bila hatia. Mashine kubwa ibaki ilipo, wala usiiuze kwa kujitesa. Moka usiirudishe juu ya kabati.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo gumu kwako. Acha kumpelekea Nunziata kahawa kwa sasa. Umempelekea ya mashine, umempelekea ya moka, umetia sukari, na kila kikombe kimekuwa kinamwambia nisamehe upesi nipate amani. Mwombe yeye akupikie wewe. Mwombe kwa adabu, kama mtu anayeomba kitu ambacho hakimstahili: mke wangu, nipikie kahawa, ile ya mama, na povu la sukari. Kaa pale ungoje. Usisimame kumwelekeza moto, usichungulie. Akikuletea, kunywa yote, umshukuru, ukaoshe kikombe.

Anaweza kukataa. Anaweza kushuka kwenye baa akakuacha umekaa na pijama. Akikataa, usinune, kesho mwombe tena. Wewe ulimkatalia mtu ambaye hakuwa na kesho ya kuomba tena.

Olimpia