Vikombe Vitatu vya Maziwa ya Zombo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, maana huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike pale Masanze, lakini mdomo wangu haujui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Leo nimewafundisha kidato cha tatu habari zako. Wanafunzi wangu hapa Mikumi hawakujua kama ni wewe. Nilisema tu "mzee mmoja wa Kilosa". Somo lilikuwa kimeng'enya kinachokata sukari ya maziwa, kile kiitwacho laktasi, na nilipofika sehemu ya bodaboda nilicheka mpaka chaki ikanidondoka.

Unakumbuka? Ulikwenda Zombo kuwaona ng'ombe wa mahari yangu. Mama yake Shija, mchumba wangu, akakuletea kikombe kikubwa cha maziwa freshi. Wewe ulitulea tukijua kwamba mgeni habakizi, ukanywa hadi tone la mwisho. Kumbe kwa wenzetu wale, wafugaji waliohamia Zombo kutoka Kanda ya Ziwa, kikombe kikiwa kitupu hujazwa tena. Ukakimaliza, kikajazwa. Ukakimaliza, kikajazwa! Vikombe vitatu, baba, kwa ajili ya adabu tu. Njiani ukamsimamisha dereva wa bodaboda mara nne, na mashamba ya ufuta ya watu yakakusitiri.

Ulipofika nyumbani ulikuwa umekunja uso. "Wale watu wamenitilia kitu," ulisema. "Ng'ombe wao wabaki nao, na mimi nabaki na mwanangu."

Nililia sana. Neno kama lile likitoka kwa mkulima kwenda kwa mfugaji si dogo kwetu, ambako wawili hao wamegombania ardhi miaka mingi. Lilishafika Zombo, na wewe hukuwa mtu wa kurudisha neno. Nilimpenda Shija, na nilikuwa namwona akiniponyoka kwa sababu ya tumbo.

Nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu, na kichwa kilikuwa kimejaa biokemia. Nikakupigia magoti nikuombe siku mbili tu. Nilikuwa nimeshachukua maziwa kwa jirani yetu, ambaye Zombo hajawahi hata kukanyaga. Nikayagandisha yawe mtindi. Siku ya kwanza ulikunywa mtindi, ukalala usingizi wako wa mchana, ukaamka mzima. Siku ya pili nikakuletea maziwa freshi ya ng'ombe yuleyule. Hata saa mbili hazikupita, tukakuona unakimbilia uani na kanzu mkononi.

Uliporudi nilikueleza. Sukari ya maziwa ni vipande viwili vilivyoshikana, glukosi na galaktosi, na utumbo hauvipitishi mpaka vitenganishwe. Ndama anacho kimeng'enya cha kuvitenganisha, na mtoto mchanga anacho. Ndama akishazoea majani, kimeng'enya hicho hupungua. Kwa watu wengi hupungua vilevile baada ya kuachishwa ziwa, ila katika koo nyingi zilizoishi na ng'ombe tangu zamani wapo wanaobaki nacho hadi uzeeni. Usipokuwa nacho, sukari inashuka nzima hadi kwa bakteria wa utumbo mpana, nao wanafanya sherehe. Bakteria wa mtindi wana chao wenyewe, kwa hiyo wanakutangulizia kazi kabla hujanywa. Hata papai linapoiva, ndugu wa mbali wa kimeng'enya hicho yumo ndani, analainisha nyama yake.

"Kwa hiyo mimi mkataji wangu amestaafu?" uliuliza.

"Ndiyo, baba. Tangu ukiwa mtoto."

"Bila kuniaga?"

Mama alicheka akashika ukuta. Jumamosi yake ulivaa koti, ukarudi Zombo, ukasimama mbele ya wazee wao. "Mzee mwenzangu, nilisema vibaya. Maziwa yenu ni mazima, mbovu ni mimi." Baba mkwe alikukumbatia, akaagiza mtindi. Nikaolewa. Nina furaha hadi leo, baba, na nisingependa ubaki hujui.

Sasa niungame. Nilikuambia mtindi ule niliugandisha kwa siku moja. Uongo. Niliuanza kabla sijakupigia magoti, nikauacha siku tatu, ukachacha hadi kuku wakaukwepa, ili bakteria wale waikate sukari kadiri wawezavyo. Niliogopa tumbo lako lingechafuka kidogo tu na mtindi, nami nimkose Shija. Mwalimu wa sayansi, na jaribio langu la kwanza nililipendelea! Kwa miaka yote nimeona haya kukuambia.

Jumapili iliyopita nilimkuta mama akipeta mchele, nikamwambia. Aliweka ungo chini, akanitazama kama mtu asiyeamini.

"Wewe nawe," alisema. "Baba yako alikuwa anakunywa mtindi kila akienda mnadani, tangu hujazaliwa. Alijua haumfanyi kitu. Na maziwa freshi yalikuwa yanamsumbua tangu ujana wake."

Nikamuuliza kwa nini basi ulikubali.

"Kwa aibu ya ile bodaboda alishasema neno baya kwa watu wa watu, na alikuwa hajui alirudishe vipi. Ulipokuja na vikombe vyako alishukuru Mungu."

Kwa hiyo ulijua, baba. Siku ya pili uliponipokea kile kikombe ulijua vizuri kabisa kitakachokupata. Ulinitazama, ukasema "Haya, mwalimu," ukanywa chote.

Pumzika kwa amani, na uwasalimie wote walioko huko.

Ni mimi binti yako, mke wa Shija.