Kadi Uliyoikinga na Mvua

Deo mume wangu,

Wasioijua desturi yetu wasishangae. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, ndivyo tunavyotaniana huku, na huyu mume wangu amenikimbia. Naandika gazetini kwa sababu hukuacha anwani, mjinga wewe, na kwa sababu nataka waliokupiga wasome. Mimi nimesoma elimu ya watu wazima tu, lakini barua hii nimeiandika kwa mkono huu huu uliokuogesha mama yako Rozina alipofariki. Mhariri asininyooshee maneno yangu.

Ile kadi unaikumbuka, maana kovu lake unalo kiganjani. Kibao cha kijani, meno ya shaba upande mmoja, bati upande wa pili. Ofisi ya misheni ilikuwa na kompyuta mbili, moja mezani kwa sista, nyingine stoo ya dawa ng'ambo ya uwanja, na sista alikuwa amechoka kukimbia matopeni kila akitaka kujua dawa gani imebaki. Ukasema utaziunganisha kwa waya, kila moja na kadi yake ndani ya kuchomekea waya, ziongee. Ya stoo ilikubali. Ya sista ikagoma. Ilikuwa inaendeshwa na hiyo Linux yako uliyoisifia kama mchumba, na mchumba akaitazama kadi mpya akasema huyu simjui.

Ukawa unakuja kula umenuna. Nikakuuliza, "Hiyo kadi yako jina lake nani?" Ukanitajia jina la kwenye boksi.

"Hilo la ubatizo. Mtu akija kuposa hapa, mimi nauliza ukoo."

Ulicheka mpaka mwiba wa samaki kitoga ukakukwama kooni. "Ukoo upo, bibi. Umeandikwa kwenye kile kidude cheusi katikati, ila waliotengeneza wamegandisha karatasi juu."

"Na wewe mwanaume mzima umeshindwa na karatasi?"

Kesho yake mchana umeme ulikatika ofisini, ukaichomoa kadi ukaja nayo nyumbani. Ukachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa ya koroboi yangu, ukaifuta ile gundi taratibu kama unamfuta mtoto tongotongo. Ukaipeleka mlangoni kwenye mwanga, ukapiga kelele. Ukoo ule Linux inaujua! Ni huyu mtoto tu hajaandikwa. Ukanieleza kwamba kuna mkalimani kati ya mashine na kadi, ukimwongezea namba ya huyu mtoto na kumpika upya, wataelewana. Sikuelewa yote. Nilielewa uso wako.

Wingu lilikuwa limeshashuka kutoka Udzungwa. Ukaifunga kadi kwenye kipande cha kanga yangu kuukuu, ukaiweka tumboni chini ya shati isilowe, ukatoka mbio. Na hapa nakugombeza tena, mbele ya watu: kitu cha ofisi hukitoi bila kuaga! Nilikulea hivyo?

Mjomba wako Kaspari, mwanangu wa kumzaa, ndiye aliyekuwa mlinzi wa ofisi ile. Alikuta kompyuta imepasuliwa tumbo, ndani pengo. Akaogopa kufukuzwa kazi. Akakukuta njia panda, umekumbatia tumbo, akakushika shati, akagusa kitu kigumu kimeviringishwa kanga. Angekuuliza. Mtoto wa dada yake! Akapiga ukelele wa mwizi.

Neno hilo likishatoka mdomoni halina pa kurudi. Walitoka kwenye mashine ya kukoboa na magongo. Fundi baiskeli akatoka na pampu yake ya chuma. Mmoja niliyekuwa nampa uji alipokuwa mdogo, na asome hapa, alikukanyaga kichwani kwa buti la kazini. Mimi nilikuwa natwanga pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga, na jirani yangu. Nikamsikia mtu anasema, "Ni Deo wa Rozina, wanammaliza."

Nilikuja na mchi mkononi. Sikupiga mayowe. Mayowe ni ya mtu anayeomba. Niliingia napiga. Nilipiga mgongo, nikapiga goti, fundi baiskeli nilimpiga mdomoni akatema jino, likaangukia karibu na lile la kwako. Halafu nikamfikia Kaspari. Wanasema nilipiga bila kuangalia. Uongo. Niliangalia, nikamchagua. Mfupa wa bega ulilia kama muwa unavunjwa gotini, akaniita "Mama!", nikainua mchi tena.

Walikuwa wengi lakini. Nyuma yao kijana mmoja anabingirisha tairi, na nilijua la nini. Mchi mmoja hauzimi tairi. Ndipo nikashika fundo la kanga yangu hapa kiunoni, nikalilegeza.

"Atakayemgusa tena, navua! Nawaonyesha nilikotolea watoto, muone mtakavyokufa, ninyi na wanenu!"

Hukuona, damu ilikuwa imekuziba macho, basi nakusimulia mimi. Walirudi nyuma wote, mikono usoni. Wanaume wazima! Yule wa tairi alikimbia, tairi likaendelea kwenda peke yake mpaka mtaroni. Mvua ikaanza kunyesha juu ya mchanga mwekundu. Nikakaa chini nikakupakata. Ngumi yako ilikuwa imefungwa, nikaikunjua kidole kimoja kimoja. Bati la kadi lilikuwa limezama nyamani. Maneno yako ya kwanza, meno yamelegea, "Bibi, haijalowa?"

Nilitaka kukupiga na wewe.

Hukungoja mkono upone. Ulirudi ofisini na kichwa kama kifurushi, mimi nyuma yako na mchi. Sista akasema, "Bibi, mchi tafadhali uache nje." Nikamwambia mimi na mchi tumeoana, tunaingia wote. Nikakaa mlangoni, mchi magotini, unanuka damu bado. Waliopita walitazama chini. Wewe ukaandika kwa mkono wa kushoto, ukifuta usaha wa jicho, unakosea, unafuta, unaandika. Mara ya kwanza kompyuta ilitapika maandishi ya kukataa. Ukatukana. Sista akajifanya hasikii. Ukarekebisha, ukampika yule mkalimani tena. Kisha nyuma ya mashine kikawaka kijitaa cha kijani, kama jicho la paka chini ya uvungu.

"Imeitika, bibi! Hii imeamkia, ile ya stoo imeitikia."

Sista alipiga makofi. Wewe hukucheka. Ulikaa unatazama kioo, ukasema polepole, "Mashine za hapa zinasalimiana. Watu wa hapa siwaamkii tena." Ukapanda treni jioni ile ile, na mimi hukuniaga.

Hasira zangu tangu siku ile nimezigawa. Nusu yao, nusu yako. Wao nawapita sokoni siwajibu. Kaspari mkono hauinuki juu ya kifua mpaka leo. Kila Jumapili baada ya misa anakuja, anasimama uani, anauliza, "Mama, Deo ameandika?" Namjibu muulize yule uliyemwita mwizi. Sijamwambia akae. Usije ukadhani nakuandikia umsamehe. Hilo ni la kwenu wawili, mkitaka kutoana meno mengine toeni.

Nakuandikia langu. Mwaka huu pepeta nimetwanga peke yangu. Mchi umekuwa mzito. Sijasema nimezeeka, nimesema mchi umekuwa mzito. Nikitoka misa napitia ofisini, sista ananifungulia, natazama kile kijitaa. Kinawaka. Kitu ulichokitolea damu kinaishi, kinaongea na mwenzake ng'ambo ya uwanja, mvua ije isije. Mimi niliyekupakata na damu yako sina hata neno lako moja.

Ulipigwa na watu wengi, Deo, lakini mimi sikukupiga. Kwa nini adhabu yangu na yao ni moja?

Basi sikia. Siku ile sikuvua. Nililegeza tu, nikafunga tena, na laana ile haijatumika, ipo hapa kiunoni. Mdomoni ninayo marahaba yako, nimeitunza tangu ulipopanda treni bila kuniamkia. Njoo na shikamoo yako nikupe hiyo ya mdomoni. Usinifanye nikafa vidole vyangu vikiwa kwenye fundo la kanga.

Mkeo wa kwanza, asiyeachika,
bibi yako mzaa Rozina,
Lipangalala.